Walivyotushusha Kwenye Daraja la Mkondoa

Tangu nirudi, hakuna anayeingia dukani kwangu kununua kibiriti akatoka na kibiriti chake. Lazima aegemee meza aulize: "Elia, eti ulimfunga mtu Kilosa? Eti Bi Mwanahawa ameendesha garimoshi?" Nimechoka kueleza nusu nusu, halafu ninyi mnakwenda barazani kuongeza chumvi. Basi nakaa chini nieleze lote, kituo kwa kituo, na atakayebaki na swali akamuulize bibi mwenyewe uani. Nasema mapema kwamba sijapoa. Hasira ninayo bado, na mkifika mwisho mtaniambia kama sina haki nayo.

Kariakoo

Bi Mwanahawa mnamjua, mama mwenye nyumba yetu, Mzaramo wa Kisarawe, ambaye harufu ya vitumbua vyake inaamsha mtaa kabla ya jogoo. Mimi nimepanga kwake chumba cha mbele, ndicho duka, na cha nyuma yake ndimo ninamolala. Siku zote nilijua kwamba ni mjane. Sikuwahi kuuliza mumewe alifia wapi, maana kwetu Kibosho mtu haulizi mambo hayo mpaka aambiwe.

Nilikuwa nakwenda Tabora kufuata karanga na asali. Asubuhi nilipomuaga, aliacha kugeuza vitumbua, akanitazama mpaka vikaanza kuungua.

"Gari la Tabora linapita Mkondoa?" akauliza.

"Linapita, mama, mbele ya Kilosa."

"Basi tunakwenda wote."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Akanikalisha kwenye kibao chake cha mbuzi akanieleza. Mumewe, marehemu Kondo, alikuwa fundi wa kugonga ribiti, misumari ya kuunganishia vyuma, kwenye daraja la chuma la Mkondoa. Alifia pale pale, akatumbukia mtoni, na mto haukumrudisha. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alimwambia mkewe: "Daraja likiisha, nitakuja kukuchukua. Tutapita juu yake ndani ya gari, nikuonyeshe ribiti zangu." Daraja likaisha, yeye hayupo. Bibi akabaki na watoto wa kulea na moyo wa kukasirikia reli, akaapa hapandi gari lao. Sasa mpangaji mmoja afanyaye kazi stesheni amemletea habari kwamba daraja jipya limejengwa pembeni. Mvua hizi zikikatika, magari yote yatahamia huko, na lile la zamani litakatwa vipande liuzwe chuma chakavu.

"Nataka nipite mara moja tu, Elia. Ndani ya gari, kama alivyosema. Baadaye wakilikata shauri lao."

 Nikamwambia afunge mizigo.

Stesheni mpaka Ruvu

Habari za tiketi siwaelezi, maana mnaijua foleni ile na mnajua maneno yanayosemwa dirishani. Naanzia pale milango ya klasi ya tatu ilipofunguliwa. Watu walimiminika kama tumekatazwa kuishi Dar es Salaam. Nilimsukuma Bi Mwanahawa mlangoni kwa bega, yeye akikumbatia kikapu chake kifuani na kuwaapiza waliokuwa wakimkanyaga. Klasi ya kwanza walikuwa na magodoro, feni na mtu wa kuwaletea chai. Sisi tulikuwa na mbao na dirisha, na dirisha lenyewe halikufunga.

Kufika Ruvu tukawekwa kwenye njia ya pembeni kupisha gari lingine. Tulikaa na joto letu mpaka watoto wakachoka hata kulia. Nikadhani labda anapita mkubwa fulani. Lo! Likapita gari la mizigo limejaa mkonge. Mkonge, jamani! Mkonge haufiwi, hauugui, haubanwi na haja, lakini ndio uliopishwa.

Nikamfuata gadi, yule mwenye filimbi na vifungo vya kung'aa. Msije mkadhani nawasingizia Wazungu kila kitu, kwa maana gadi huyu alikuwa mweusi kama mimi. Nikamuuliza kwa nini watu wasubiri mkonge.

"Amri," akajibu.

"Amri ya nani?"

"Amri," akasema tena, akaenda zake. Neno hilo nililisikia safari nzima.

Njaa ilikuwa imeniuma. Ndani ya kikapu cha bibi mlikuwa na kuku mzima wa kukaanga na mkate wa kumimina, harufu yake imejaa behewa. Nikanyoosha mkono, akaupiga.

"Kuku huyu ni wa Kondo. Nitamsomea Fatiha nikishavuka, ndipo tutakula. Mwenye njaa anunue samaki."

Nikanunua kambare dirishani. Alikuwa ameoza upande wa chini, ule ambao muuzaji aliufunika kwa jani. Nilipochungulia nje kumtafuta, gari lilikuwa limeshaondoka, naye ananipungia mkono.

Morogoro na mashamba ya Kimamba

Morogoro tulipita watu wamelala, nami nikala machungwa kwa hasira za kambare. Kulipopambazuka tulikuwa Kimamba, mkonge kulia, mkonge kushoto, nikaugeuzia kisogo. Hapo ndipo Bi Mwanahawa alipoanza kunisimulia daraja lake, na behewa zima likasogea kumsikiliza.

Kondo alikuwa kijana asiye na ndevu wakati Mjerumani alipoipeleka reli bara. Vyuma vya daraja vilikuja kwa meli mpaka bandarini kwetu, vikapandishwa kwenye reli ile ile iliyokuwa bado inajengwa mbele yake, vikafika Mkondoa vipande vipande. Pale vikaunganishwa juu ya mto, pembetatu kwa pembetatu. Ribiti ni msumari mnene kama kidole gumba. Mmoja anauchoma mpaka unakuwa mwekundu, mwingine anautia tunduni kwa koleo, wa tatu anaugonga kichwa cha pili kabla haujapoa. Kondo alianza kwa kubeba chuma, akaishia kuwa mgongaji.

"Ikaja vita," akasema bibi. "Mjerumani anarudi nyuma, na kila daraja analoliacha analitia baruti asilipate Mwingereza. Unajua masanduku ya baruti walibebeshwa nani?"

"Nani, mama?"

"Wale wale waliogonga ribiti. Kondo alibeba kichwani mwake. Alikaa kilimani akaliona linaanguka mtoni. Aliniambia alilia, na hakumlilia Mjerumani."

Mwingereza akaja, akaweka magogo ya muda ili magari ya vita yapite. Vita vilipokwisha akataka daraja la kweli. Vyuma vikaopolewa mtoni, vilivyopinda vikanyooshwa, vilivyokatika vikaletewa vipya, na Kondo akaitwa tena agonge alichokwisha gonga. Hapo mvua zikaja. Mto ulikuwa umejaa, chuma kina utelezi, na hakukuwa na kamba ya kumfunga mtu kiunoni. Mnyapara wao alimletea bibi shati la mumewe na pole. Kaburi hakuna. Kumbukumbu ya jina lake hakuna, hata kwa chokaa.

Mtu aliyelijenga, akabebeshwa baruti ya kulivunja, akalijenga tena, akalifia! Nilipiga mbao za kiti kwa ngumi. Kwa hiyo mkae mkijua niliingia Kilosa nikiwa katika hali gani.

Kilosa

Kilosa gari hukaa kidogo likinywa maji. Tulishuka kunyoosha miguu. Bi Mwanahawa alikuwa akipatana bei ya ndizi na mama mmoja, na sauti yake mnaijua, haifichiki. Mara akatokea mwanamume wa makamo, kaptura ya kaki, kofia ya kazi, bendera mbili kwapani. Akasimama, akatega sikio.

"Bibi, lafudhi hiyo ya wapi?"

"Ya Kisarawe. Na hiyo yako ya Unyamwezi, naisikia inavyokwaruza."

"Mzaramo!" Akapiga makofi kuita watu. "Jamani, Mzaramo anapita kwenye reli yetu bila kulipa ushuru!" Akamnyang'anya kikapu, akakifunua. "Na kuku huyu mmemwiba kwa nani? Mzaramo hafugi kuku, Mzaramo anafuga ngoma!"

"Rudisha kikapu, mpagazi wewe! Wewe umeumbwa kubeba, hukuumbwa kula!"

"Kizee hiki kina mdomo! Nitakula kuku, nawe nikuoe nikufundishe kulima."

Akang'oa paja la yule kuku, akalitia mdomoni. Kuku wa marehemu! Ruwa wangu, Mungu wa kwetu Kibosho! Mimi kambare mbovu ndiye niliyekula, kuku huyu nimekatazwa hata kumgusa, halafu mtu baki anamtafuna mbele ya mjane na kumtukana juu. Nikamkaba shingo. Nikamwita askari wa stesheni kwa sauti iliyowatoa watu vyooni.

Askari akaja, kijana wa Kimakonde, akamshika mkono. Yule bwana alikuwa anacheka. Alipoona anapelekwa ofisini kweli, kicheko kikamkauka.

"Niachieni, nina kazi darajani!"

"Kila mwizi ana kazi mahali," nikamjibu, na niliona nimesema neno zuri sana.

Filimbi ikalia. Nikachukua kikapu, nikamvuta bibi ndani. Nilingoja shukrani. Alikuwa ameketi ameshika kichwa.

"Elia, umefanya nini?"

"Nimekurudishia kuku wako."

"Umemfunga mtani wangu!"

"Kwani unamjua?"

"Simjui, hanijui. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, wanajuana wasipojuana! Hata nikifa, yeye ndiye wa kulala kaburini mwangu mpaka apewe chake, ndipo nizikwe."

Behewa zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akanipigapiga bega: "Hasira hasara, Mchaga." Nikawaambia sisi na Wapare ni watani pia, tunatukanana mwaka mzima, lakini kuku wa mtu hubaki mahali pake. Wakacheka zaidi.

Darajani

Mbele ya daraja gari likasimama. Nikatoa kichwa nje. Lilikuwa pale, jeusi, limejengwa kwa pembetatu kama alivyosema bibi, na chini yake Mkondoa mwekundu kwa tope, unakwenda kwa kishindo. Pembeni yake lile jipya, limepakwa rangi, halijapitiwa na kitu. Bi Mwanahawa alitoa kanga mpya akajifunika, akakaa wima kama bibi harusi.

Tukangoja. Jua likapanda. Hakuna maji, hakuna neno. Mnajua sikuweza kukaa kimya. Nikashuka, nikamwendea gadi nikiwa na kundi la watu nyuma yangu.

"Sasa tunapisha nini? Katani au magunia?"

"Mnyapara wa daraja hayupo," akasema. "Mvua zimechimba nguzo moja, kwa hiyo gari halivuki mpaka yeye akague na kutoa bendera. Alikuwa apande nasi Kilosa, hakuonekana."

"Mzembe gani huyo? Watu wateseke kwa ajili ya mtu mmoja asiyejali kazi!" nikapaza sauti, na kundi likaniitikia.

"Mnyamwezi mmoja, anaitwa Mihayo. Kaptura ya kaki, bendera mbili."

Nikarudi nyuma hatua mbili. Ninyi rafiki zangu mnajua kwamba hilo si kawaida yangu. Lile kundi lilinigeukia mmoja mmoja, kwa kuwa walikuwapo Kilosa, na sirudii hapa niliyoambiwa. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Kabla hawajanimaliza, gadi akapiga filimbi. "Klasi ya tatu wote mshuke! Mtavuka kwa miguu, gari liwe jepesi. Klasi ya kwanza na ya pili mkae."

Sikilizeni vizuri hapo. Kichwa cha gari kina uzito wa kilima, tena kinavuka. Mzungu na masanduku yake anavuka amelala. Anayelemea daraja ni mama mwenye mtoto mgongoni! Sisi ni mawe na wao ni manyoya? Nikamuuliza gadi hivyo hivyo. Mnajua alinijibu neno gani.

Watu wakashuka, wakinung'unika. Bi Mwanahawa hakushuka.

"Bibi, shuka."

"Sishuki. Nimeahidiwa nitapita ndani ya gari."

"Umeahidiwa na nani?"

"Na aliyeligonga."

Gadi akamshika mkono ili amnyanyue. Bibi akaukumbatia mguu wa kiti kwa mikono miwili, kanga mpya ikaingia vumbini. Alikuwa analia bila sauti. Nikajitia katikati yao, na nilikuwa tayari kufungwa mimi.

Hapo kiberenge kikaja kutoka Kilosa kwa kasi, na Mihayo juu yake. Aliruka kabla hakijasimama.

"Yuko wapi Mchaga?" akauliza. "Askari wenu wa Kimakonde hajui Mnyamwezi wala Mzaramo! Imebidi atafutwe Mzaramo muuza nazi aje kunitolea ushahidi kwamba mimi ni mtani wala si mwizi. Naye amecheka kwanza mpaka akakaa chini, mimi nipo ndani!" Kisha akamwona bibi sakafuni. "Na wewe kizee, unabusu kiti? Umekosa mume kiasi hicho?"

Bi Mwanahawa akacheka katikati ya machozi. Akamweleza: Kondo, ribiti, mto, ahadi. Mihayo alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia.

"Nani alilala kaburini?"

"Kaburi halikuwako, baba. Mtani angelala wapi?"

"Basi huyo bado hajazikwa," akasema.

Akatoka nje. Tulimfuata, gadi akiwa mbele. Mihayo alikwenda mpaka daraja linapoanzia, akaweka bendera zake kando, akalala chali juu ya mataruma, kichwa kwenye reli moja, miguu kwenye ya pili, akakunja mikono kifuani.

"Inuka!" Gadi akampulizia filimbi sikioni. "Unazuia gari! Una wazimu?"

"Mtani hatoki kaburini mpaka apewe haki yake."

"Haki gani?"

"Mjane avuke ndani ya gari. Nikikosa hiyo, leteni udongo mnifukie."

Gadi akamwambia atafukuzwa kazi. Mihayo akafumba macho. Wa klasi ya kwanza wakafungua madirisha, mmoja akauliza kama kuna ng'ombe njiani. Na sisi wa klasi ya tatu, ambao dakika ile tungeweza kuwa tumeshavuka, hakuna aliyepiga hatua.

Dereva akateremka kutoka kwenye kichwa cha gari, Kalasinga mnene, kilemba kimejaa masizi. Alieleweshwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Akamtazama Mihayo pale chini, akamtazama bibi, akapangusa mikono.

"Huko nyuma amri ya gadi," akasema. "Huku mbele amri yangu. Mama, kuja juu."

Hapo Mihayo akainuka. Tulivuka sisi kwanza, kwa miguu, taruma baada ya taruma, maji yakionekana katikati yao. Nilibeba kikapu na sikutazama chini. Tulipofika ng'ambo tukageuka wote. Mihayo alikagua nguzo yake, akaingia darajani akitembea kinyumenyume na bendera ya kijani, na garimoshi likamfuata polepole kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Mbele kabisa, mbele ya klasi ya kwanza na ya pili, alisimama Bi Mwanahawa karibu na dereva, ameshika chuma.

Walipofika katikati, Mihayo akageukia mto, akapaza sauti: "Kondo! Mzaramo mvivu! Umelala mpaka leo, kazi umewaachia Wanyamwezi! Mkeo huyu hapa, anapita!"

"Mwambie nimeziona!" bibi akaitikia. "Mwambie ribiti zake nimeziona!"

Alikuwa anacheka na kulia, uso mweusi kwa masizi. Ng'ambo yetu hakuna aliyekuwa na macho makavu, na mimi sitamkubalia anayesema nilipiga kelele kuliko wote. Fatiha ilisomwa pale pale kando ya reli, na nikavua kofia. Kuku aligawiwa. Paja lililobaki alipewa Mihayo, akasema limepikwa vibaya.

Kurudi

Tabora nilipata karanga, asali ilikuwa ghali. Tuliporudi mvua zilikuwa zimekatika, gari likapita daraja jipya, na hakuna aliyeambiwa ashuke. Bi Mwanahawa alifumba macho. Alisema hili si lake. Mimi niliangalia upande wa pili, nikaona watu wenye misumeno na moto wameshaanza kulikata lile la zamani.

Kilosa nilimtafuta Mihayo nimpe asali, ile kidogo niliyoimudu. Hakuwapo kazini. Ameachishwa kazi kwa kuzuia gari. Maisha yake yote kwenye reli ile, na kosa lake ni kumzika mtu ambaye reli haikumzika! Gadi yule yuko kazini, anapiga filimbi. Ndiyo maana nawaambia sijapoa, na sitapoa.

Nilimkuta nyuma ya stesheni amekalia sanduku lake. Nikampa ile asali, nikamwambia dukani nahitaji mtu wa kupima karanga. Akaniuliza kama na askari nimemwandaa.

Basi ndiye huyo mnayemwona mezani kwangu, anayewatukana wateja wa Kizaramo nao wanazidi kuja. Juzi jioni walikuwa uani wanagombana kama kawaida yao, yeye anamwambia bibi kwamba amezeeka na anachelewesha shughuli. Bi Mwanahawa akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akanigeukia, akanishika mkono.

"Siku yangu ikifika, huyu atalala kaburini mwangu na hatatoka upesi," akasema. "Tafadhali, mwanangu Elia, siku hiyo usiite askari."